Kaboni bei poa, fundi yuko wapi?

Mazee, mnanitumia sana picha za baiskeli za kaboni za kukimbiza murram, eti bei poa. Sawa, fremu haishiki kutu, na kwa huu upepo wa chumvi wa Mombasa hilo si dogo. Lakini cheni ni chuma vilevile. Na fremu ikipasuka? Black Mamba fundi anaichomelea, jioni ushapanda. Kaboni haichomelewi; yataka nyuzi, gundi maalum na mtu anayeijua kazi. Kwa mashindano naelewa: Migration Gravel Race kule Maasai Mara ni kama kilomita 650 kwa siku nne, wepesi unasaidia. Mimi natoka Ndia Kuu, navuka Daraja la Nyali, naelekea Kilifi. Nipeni fremu ya chuma na tairi pana. Chenji inunue cheni ya pili, maana ya kwanza chumvi itaila tu.