Safari ya Mlalo Ilivyotufundisha Kuomba na Watoto

Basi letu liliondoka Tanga alfajiri, Desemba ya mwaka jana, tukiwa na watoto watatu, mikoba minne na kuku mmoja. Kabla halijang'oa, baba watoto alituombea safari kwa maneno machache. Binti yetu wa miaka 10 aliitikia "Amina". Mdogo wao wa miaka 3 aliitikia kwa sauti kubwa hata abiria wakacheka. Wa katikati, mvulana wa miaka 6, alikuwa anatazama nje dirishani na hakufumba macho. Tulimwona, tukanyamaza. Ilikuwa inatimia miezi sita tangu aache kuomba.

Tulikuwa tunakwenda Mlalo, juu milimani Usambara, kumwona mama mkwe. Ilikuwa Krismasi yake ya kwanza bila babu. Akina mama wenzetu, tunawasimulia safari hii kwa sababu tulipanda mlima tukidhani tatizo ni la mtoto, tukashuka tukijua lilikuwa letu.

SALA ILIYOGEUKA UGOMVI

Babu aliugua figo. Katika kazi ya uuguzi tumewaona wagonjwa wengi wa namna hiyo, na tulijua hali yake ilikuwa inaelekea wapi. Lakini mvulana wetu alimpenda sana babu yake, nasi tukamwambia maneno ambayo wazazi wengi huyasema: "Omba kwa bidii, babu atapona." Akaomba kila usiku, wiki baada ya wiki. Mwezi Juni babu akafariki.

Tangu siku ile, saa ya sala ikifika, alifunga mdomo. Mwanzoni tulimbembeleza, kisha tukamkaripia. Tulifikiri ni ukaidi, tena tuliona aibu, maana sisi ndio tunaofundisha watoto wa shule ya Jumapili kanisani kwetu. Jioni moja tulimkataza kugusa sahani mpaka aombee chakula. Akaomba. Alikariri maneno yote bila kukosea hata moja, machozi yakidondokea kwenye wali. Tuliitikia "Amina", lakini hakuna aliyekula vizuri usiku ule.

KUPANDA MLIMA

Kutoka Tanga tulipita Muheza, Segera na Korogwe, mashamba ya mkonge yakitusindikiza, hadi Mombo chini ya mlima, kwenye joto na vumbi. Hapo ndipo barabara ya lami inapoacha njia kuu na kuanza kupanda kuelekea Lushoto, kilometa zipatazo 33 za kona juu ya kona. Upande mmoja ni mwamba, upande mwingine ni korongo lenye mto chini. Kila kona dereva alipiga honi.

Mdogo wetu alichungulia bondeni, akatushika shingo na kusema: "Mungu, shika basi!" Abiria wakacheka tena. Sisi tulianza kucheka, kisha tukajiuliza ni nani aliyemfundisha sala ile. Haikuwa miongoni mwa zile tulizomkaririsha. Aliogopa, akamwambia Mungu, basi.

Soni tuliona maporomoko ya maji, na hewa ikaanza kuwa ya baridi. Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, tuliwavisha watoto masweta na kuwanunulia matunda damu. Kisha gari jingine likatupitisha kwenye msitu wa Magamba, wenye ukungu hata mchana, na baadaye Lukozi, ambako magunia ya viazi na matenga ya kabichi na karoti yalikuwa yamepangwa yakingoja malori. Jua lilikuwa linazama tulipofika Mlalo, nyumba zimejipanga juu ya vilima na mashamba yakishuka mpaka bondeni.

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walianza kazi yao Mlalo mwaka 1891. Kwa hiyo kuna familia ambazo sala ya jioni imerithiwa kutoka kwa bibi hadi mjukuu kwa vizazi kadhaa. Baba watoto alilelewa katika nyumba ya namna hiyo. Alijifunza Katekisimo Ndogo mbele ya mafiga yale yale tuliyokwenda kuotea moto. Martin Luther aliiandika mwaka 1529 ili mkuu wa nyumba aweze kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa maneno mepesi, na ndani yake aliweka sala za asubuhi na za jioni. Sala hizo nasi tuliwakaririsha watoto wetu. Hatukuona kosa letu lilikuwa wapi.

JIONI JIKONI KWA BIBI

"Mume wangu, njoo ukae hapa," mama mkwe alimwita mvulana wetu kwa utani wa bibi na mjukuu, akamsogezea kigoda. Tulikula ndizi mshare kwa maharage. Vyombo vilipoondolewa, bibi hakuwaamuru watoto wafumbe macho wala hakuuliza nani ataomba leo. Alikunja mikono juu ya khanga yake na kuanza kuzungumza kwa sauti ya kawaida, kama anayezungumza na mtu aliyekaa ng'ambo ya moto.

Kwanza aliomba kwa Kiswahili, kwa ajili ya watoto. Alishukuru kwa basi lililofika. Alimtaja ng'ombe wake aliyekaribia kuzaa, maharage yaliyokuwa yanangoja mvua, na jirani yake Mwislamu aliyekuwa na mguu mbaya. Alitaja kila mjukuu kwa jina. Kisha sauti ikashuka, akaingia katika Kishambaa, lugha ambayo watoto wetu hawaijui vizuri.

Mvulana wetu alimvuta baba yake mkono. "Bibi anamwambia nini Mungu?"

Baba yake alisita, kisha akamnong'oneza: "Anamwambia kuwa bado anamlilia babu. Anasema usiku nyumba ni kubwa mno. Anamuuliza kwa nini hakumwacha japo mpaka Krismasi."

Mtoto alimtazama bibi yake kwa muda mrefu. "Kumbe inaruhusiwa?" akauliza.

Usiku ule, chini ya mablanketi mawili, alitueleza jambo alilolibeba peke yake miezi yote ile. Usiku ambao babu alifariki, yeye alisinzia katikati ya sala. Hakuwahi kufika "Amina". "Mama, babu alikufa kwa sababu sikumaliza?"

Katika uuguzi tulifundishwa kwamba watoto wengi wadogo, wakifiwa, hudhani kosa lao ndilo lililoleta kifo. Tumewaeleza akina mama wengine jambo hilo mara nyingi, lakini nyumbani mwetu hatukuliona. Tulimkumbatia, tukamwambia: "Hapana, mwanetu. Babu alikufa kwa sababu figo zake zilichoka kabisa. Mungu alikusikia, na kusinzia si kosa. Sisi ndio tuliokosea. Tulikuahidi jambo lisilokuwa mikononi mwetu kuahidi. Tusamehe."

Hakujibu. Alishika kidole chetu mpaka akalala.

Jioni ya tatu ng'ombe alizaa. Kabla ya kula, mvulana yule alisema bila kuambiwa: "Mungu, nilikukasirikia. Mwambie babu ng'ombe amezaa. Amina." Sisi, walimu wa shule ya Jumapili, tulifungua mdomo ili tumsahihishe, maana katika kanisa letu hatutumi salamu kwa waliolala. Mama mkwe akatugusa goti. Tukafumba mdomo. Yako mambo ambayo mtoto ataelezwa akiwa na miaka 10. Akiwa na miaka 6, kilichohitajika ni kwamba mlango umefunguka.

TULIYOYALETA NYUMBANI

Alfajiri ya kuondoka tuliamshwa na adhana kutoka bondeni, tukamkuta bibi tayari amepiga magoti kando ya kitanda. Mdogo wetu wa miaka 3 alikuwa amepiga magoti pembeni yake, anaangaza macho huku na huku. Tulikumbuka Luka 11. Wanafunzi hawakumwomba Bwana awafundishe kusali mpaka walipomwona mwenyewe akisali mahali fulani. Tulikumbuka pia 2 Timotheo 1, ambapo imani ya Timotheo inatajwa kuwa ilikaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Watoto wetu walikuwa wametusikia tukiwaagiza kuomba. Je, walikuwa wametusikia tukiomba?

Haya ndiyo tunayoyafanya sasa. Pengine na wewe, mama mwenzetu, yatakufaa:

Tunatangulia kuomba sisi, kwa sauti, kwa maneno ya kawaida. Tukitoka zamu ya usiku tumechoka, tunamwambia Mungu hivyo mbele ya watoto.

Tunafupisha. Mtoto wa miaka 3 anatosheka na sentensi moja au mbili. Wa miaka 6 ana jambo lake la kusema ukimpa nafasi, na kama hana, hasukumwi.

Sala za kukariri hatukuziacha. Sala ya Bwana ni fimbo ya kutembelea siku ambazo maneno yako mwenyewe yamekwisha. Lakini hatuitumii tena kuwa adhabu, na chakula hakizuiliwi kwa ajili ya sala.

Tunaomba popote. Kumbukumbu la Torati 6 inataja nyumbani, njiani, wakati wa kulala na wa kuamka. Kona za Soni zimo humo.

Hatuwaahidi watoto kwa niaba ya Mungu. Mgonjwa akiwepo, tunamwombea apone, tunampeleka hospitali, na tunawaambia watoto ukweli kwa kadiri ya umri wao. Na machozi yakija, hatuyafichi. Zaburi ya 13 inaanza kwa malalamiko, na Bwana Yesu mwenyewe alilia katika msiba wa Lazaro.

Mvulana wetu haombi kila siku. Siku nyingine anatikisa kichwa, tunamwacha, tunaomba sisi naye akiwa amekaa karibu. Wiki iliyopita tulirudi kutoka zamu tukiwa kimya, maana tulikuwa tumempoteza mgonjwa. Alitutazama, akakunja mikono, akasema: "Mungu, mama amechoka. Kaa naye."

Tulikuwa tumesahau kuomba siku ile. Yeye ndiye aliyetukumbusha.