Iafoni za Laki Nne na Nusu

Wadau, tuelewane kabla sijaanza. Jina la mtu humu halipo na halitakuwepo, kwa hiyo wale wapelelezi wetu mnaomjua kila mtu kwa herufi ya kwanza, leo pumzikeni. Mhusika tutamwita Staa, basi. Mimi ni muitikiaji. Yule kaka wa nyuma, wa tatu kutoka kulia, ambaye kamera ikimkaribia tu inageuka zake.

Mwaka jana nilianza kusikia mlio. Nikitoka shoo, nikifika geto Sinza, nikizima feni ili nilale, sikio la kulia linapiga filimbi. Fiiii. Asubuhi imeisha. Nikasema uchovu. Baadaye ikawa mpaka mchana. Baadaye ikawa Jumatatu nzima.

Anayesimama jukwaani anajua kinachofanyika kule. Kuna zile spika za chini zinazotutazama sisi waimbaji. Mpiga gitaa hajisikii, anaomba aongezwe. Mpiga kinanda naye anaomba. Mimi sijisikii, naomba. Drama ziko mgongoni mwangu, na mpiga drama wetu anapiga kama anadai. Mwisho wa wiki kila mtu kaongezwa na hakuna anayesikia kitu.

Prodyuza mmoja akaniambia, "Dogo, nunua iafoni za jukwaani, utakuja kuwa kiziwi una miaka thelathini." Siyo zile za elfu tano za kwenye daladala jamani. Hizi zinaingia ndani ya sikio, zinaziba kabisa, waya unapita nyuma ya sikio, na ndani unasikia kile tu alichokupangia fundi mitambo. Mambo haya hayajaanza jana. Mwaka 1995 kule Marekani, fundi mitambo wa bendi ya Van Halen, Jerry Harvey, alimtengenezea mpiga drama wao za kuingia sikioni kwa sababu jukwaa lilikuwa linamchanganya. Biashara ya Ultimate Ears ilianzia hapo.

Zipo za bei ya kawaida. Shure SE215 ni kama dola 100 na watu wengi wanaanzia hapo, zina spika moja kila upande. Ukipanda juu unakuta spika mbili, tatu, mpaka kumi na kitu, na bei inapanda hivyo hivyo mpaka unajiuliza kama ni iafoni au kiwanja Chanika. Mimi nilikuwa na laki nne na nusu, na hiyo hela ilikuwa nusu ya kodi ya miezi sita. Mama mwenye nyumba hajui hili, na asipoingia mtandaoni hatajua.

Ndipo Staa akanitafuta mwenyewe. Nilikuwa nimemuitikia kwenye shoo mbili tatu. Akasema, nasikia unatafuta za masikioni, mimi nauza zangu. Spika tatu kila upande, ile aina ambayo mpya ni kama dola 500, na ukiweka usafiri na ushuru mpaka ikufikie Dar umepita milioni moja na nusu. Yeye anataka laki nne na nusu, taslimu, leo, na nisimwambie mtu.

Nikajua kafulia. Mjini tunaishi hivyo: gari la kuazima, saa ya kuazima, na vitu vinauzwa usiku. Tukakutana kwenye maegesho ya baa moja Mikocheni. Kitu kimoja nilikiona ila sikukielewa: nilikuwa nimesimama kuliani kwake, naongea, na yeye kila mara anazunguka ili nije kushotoni. Nikadhani anaangalia kama kuna mtu wa kumpiga picha.

Nikazijaribu palepale kwa simu. Jamani. Nilipiga wimbo ambao mimi mwenyewe nimeitikia, na kwa mara ya kwanza nikasikia pale ninapovuta pumzi kabla ya kiitikio. Nikatoa hela, sikuomba hata kupunguziwa.

Miezi minne nikawa mtu mwingine. Mlio ukapungua. Halafu Jumamosi moja, harusi, ukumbi umejaa, katikati ya wimbo wa maharusi kuingia, upande wa kulia ukapoteza besi yote. Ikabaki sauti nyembamba kama redio ya mkulima inayoishiwa betri. Nikaimba nimekosa ufunguo mistari miwili. Mpiga kinanda akaniangalia mpaka leo sijasahau.

Kabla hujakimbilia kwa fundi, ipo mitihani unaweza kufanya nyumbani bure, na ningependa kila anayemiliki kitu cha hela nyingi aijue. Kwanza angalia tundu la mbele kwa tochi ya simu. Kuna kichujio kidogo pale, na nta ya masikio ikikiziba sauti inashuka kidogo kidogo, mtu anadhani spika imekufa kumbe ni uchafu wake mwenyewe. Usitie pini ndani, utaisukuma. Pili, hizi za hali ya juu waya unachomoka. Kuna zenye kichwa cha duara kinachozunguka, wanakiita MMCX, na kuna zenye pini mbili. Chomoa, waya wa kulia upeleke kwenye kipande cha kushoto, na wa kushoto kulia. Ugonjwa ukihama, waya ndio mbovu, nunua waya mwingine maisha yaendelee. Usipohama, tatizo liko ndani ya kipande.

Kwangu haukuhama. Moyo ukashuka.

Jumatatu nikapanda mwendokasi mpaka Kariakoo. Mtaa wa Aggrey kuna mafundi simu kila hatua mbili, na karibu wote waliniangalia kama nimebeba yai la mamba. Mmoja akataka kuibana na koleo nikakimbia. Mwisho nikaelekezwa kwa mzee mmoja ghorofa ya pili, chumba kidogo, hadubini moja, feni moja, kalenda ya mwaka juzi ukutani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Lete."

Nikamweleza vyote, mitihani yote niliyofanya, najiona mtaalamu. Akaniachia nimalize, akaniuliza swali moja: "Na masikio, umebadilisha?"

Sikumwelewa.

"Umebadilisha waya. Masikio je? Chukua kipande cha kulia, kiweke sikio la kushoto. Kama huko kinaimba vizuri, usinilipe mimi, nenda kwa daktari."

Nawaambieni ukweli, mikono ilianza kutetemeka. Maana mlio wangu ulikuwa sikio la kulia. Iafoni mbovu, ya kulia. Sikuwahi kuviweka hivyo viwili pamoja kichwani mwangu mpaka dakika ile. Kipande cha kulia hakikai kwenye sikio la kushoto, umbo limepinda upande mwingine, inabidi ukigeuze na kukishika kwa kidole. Nikakishika. Mzee akabonyeza simu.

Nyembamba. Besi hakuna. Redio ya mkulima ileile.

Sijawahi kufurahi hivyo kwa kitu changu kuwa kibovu.

Mzee akachukua kipande, akakiweka chini ya hadubini, akanyamaza kidogo. Akasema, "Hii naijua. Hii gundi ni yangu."

Hapa ndipo nilipotaka kupandisha hasira. Kumbe nimeuziwa kitu kilichofunguliwa! Laki nne na nusu, usiku, maegesho ya baa, na mtu ninayemheshimu! Nikaanza kusema maneno, mzee akanyanyua mkono.

"Aliyeleta aling'ang'ania kulia haisikiki vizuri. Nikapima, nzima. Akasema fungua. Nikafungua, spika zote tatu nzima. Nikafunga. Nikamwambia kama nilivyokwambia wewe, badilisha masikio." Akafuta lensi kwa kitambaa. "Akabadilisha. Akakaa hapo ulipokaa wewe. Muda mrefu. Akalipa, akaondoka."

Mzee hakutaja jina, wala sikumuuliza. Nilikuwa nakumbuka maegesho ya Mikocheni na mtu anayezunguka zunguka ili nimkae kushoto.

Halafu vingine vyote vikajipanga vyenyewe. Nyie mmeona video zake: kiitikio kikifika, anachomoa ya kushoto inaning'inia shingoni, anaelekeza maiki kwa mashabiki waimbe. Kila shoo. Inapendeza kweli, hata mimi nilikuwa napenda. Sasa ukichomoa moja, kelele zote za ukumbi zinaingia upande ulio wazi, na ile iliyobaki unaanza kuiona ndogo. Unamwashiria fundi mitambo kwa kidole, juu, juu, juu. Sikio la kulia ndilo lililokuwa linakula hiyo juu, miaka yote hiyo. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 unaweza kuisikiliza salama saa 40 kwa wiki, lakini ikifika 90 ni saa 4 tu. Kwa wiki nzima! Sisi tunazimaliza Ijumaa kabla ya saa sita usiku.

Nirudi kwa mzee. Alipasha ganda joto kwa kikausha nywele, akapitisha wembe kwenye mshono polepole, likafunguka. Ndani mule, wadau, ni uchawi. Vispika vitatu, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mahindi, na waya mwembamba kuliko unywele. Kila kimoja kina kibati chembamba katikati ya sumaku, kimezungukwa na koili, kinatikisika na kusukuma kiwambo. Mzee akaniambia vispika vya aina hii vilianzia kwenye mashine za kusaidia wasiosikia vizuri, wanamuziki tumekuja kuazima tu.

Viwili vya besi vilikuwa vimeachia. Jasho la Dar lilipenya kwenye mshono, likala kiungo mpaka kikawa kijani. Waya wenyewe umepakwa rangi ya kuzuia umeme, lazima uiunguze kwanza kwa ncha ya moto ndipo risasi ishike, na ukizidisha sekunde moja umeyeyusha spika. Alifanya mara mbili. Ya kwanza haikushika, akatukana kidogo, akaomba radhi, akarudia. Bei ya kazi ile ni elfu thelathini. Akachukua kumi. "Mshono uliovuja niliufunga mimi," alisema. Akanipa na kile kipakiti cha chembechembe za kunyonya unyevu, kinachokuja kwenye maboksi ya viatu. Kila nikitoka shoo nafuta jasho, naweka ndani ya kopo na kipakiti. Viatu vikiisha nitanunua viatu.

Sauti ikarudi. Ila sikwenda nyumbani moja kwa moja na amani, maana nilikuwa nimejaribu na kinyume chake: ile ya kushoto, nzima, kwenye sikio langu la kulia. Na nilihisi, sijui ni hofu, kama imeshuka kidogo.

Wiki ile nikaenda kupima masikio. Unaingizwa chumba kimya, unavaa hedifoni, unabonyeza kitufe ukisikia mlio. Karatasi yangu ilienda sawa sawa halafu kwenye hezi 4,000 ikadidimia, kulia zaidi ya kushoto. Daktari akasema shimo la pale ndilo alama ya kelele, na zile chembe za ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Yangu ni kidogo. Akasema nilizozivaa zimekuja kwa wakati, mradi sauti niiweke chini na nisizoee kuvaa moja.

Nilikaa na simu siku tatu. Ningemwambia nini? Yeye ni mkubwa wangu kikazi, neno lake moja tu mimi sina shoo. Na mtu akiuza kitu usiku ili kusiwe na maneno, unaanzaje kumwambia unajua kwa nini aliuza? Maana nilikuwa nimeshaelewa, hakuwa kafulia. Alikuwa anakimbia.

Mwisho nikapiga picha karatasi yangu ya vipimo, nikamtumia, nikaandika, "Kaka, nimeenda kupima, hili hapa shimo langu. Daktari ni mtu poa, haulizi maswali ya mtandaoni." Sikuongeza kitu.

Alama za bluu. Kimya siku tisa. Nikajua nimejifukuzisha kazi.

Siku ya kumi, saa nane usiku, ikaja meseji: "Kupima bei gani?"

Nikamtajia. Akajibu kwa dole gumba, basi. Wiki tatu baadaye akanipigia, sauti ya chini. Yake ni kubwa kuliko yangu, upande ule ule. Amenunua iafoni nyingine, na daktari amemweleza habari ya mashine ya kusaidia kusikia, bado anaifikiria. Nikamwambia vispika vyake ni ndugu wa vile vilivyomo kwenye iafoni alizoniuzia. Akacheka, mara ya kwanza. Nilipomuomba niandike haya akasema, "Andika. Ila ukiweka jina nitakuuzia vingine vibovu."

Shoo iliyopita nilikuwa nyuma yake, wa tatu kutoka kulia. Kiitikio kikafika, akanyoosha maiki kwa mashabiki kama kawaida, mkono wa kushoto ukapanda mpaka sikioni. Ukasimama pale. Ukashuka. Zote mbili zikabaki ndani.

Kesho yake nikasoma maoni chini ya video. Wanasema siku hizi anaringa, hataki hata kuwasikia mashabiki wake wakiimba.