Kabla ya Pigo Kufika



Wapendwa waamini, tafakari yetu ya juma hili huenda ikawashangaza wazee wa parokia, kwa kuwa inahusu michezo ya kupigana ya kwenye runinga, ile ambayo vijana wetu huiita kwa kifupi gemu. Wapo wazazi waliotuomba tuikemee kutoka mimbarini. Lakini ni haki kukifahamu kitu kabla ya kukikemea, na tulipojitahidi kuifahamu michezo hii tulikuta ndani yake zaidi ya tulivyotazamia.

Mwaka 2004, huko Pomona, California, katika mashindano yaitwayo Evo, Mjapani Daigo Umehara alipambana na Mmarekani Justin Wong katika mchezo wa Street Fighter III: 3rd Strike. Mpiganaji wa Umehara, jina lake Ken, alikuwa amebakiwa na uhai mdogo mno, hata kujikinga kwa kawaida kusingemfaa, maana katika mchezo huo mapigo makubwa hupunguza uhai kidogo hata yakikingwa. Ndipo Wong akaachilia pigo kuu la mpiganaji wake, Chun-Li: mateke 15 mfululizo. Umehara alipaswa kufanya kinyume cha silika, yaani kuelekea kwa adui badala ya kurudi nyuma, mara moja kwa kila teke, na kila mara katika ile sehemu ndogo ya sekunde teke linapowasili. Aliyapangua yote 15, la mwisho akiwa hewani, kisha akaishinda raundi ile. (Fainali yenyewe alishindwa na Mjapani mwenzake, Kenji Obata, jambo ambalo washabiki hupenda kulisahau.)

Tufikiri kidogo juu ya hesabu yake. Mchezo wa namna hiyo hugawa sekunde moja katika picha 60, na wachezaji huziita fremu. Jicho la binadamu likiona jambo, kidole huhitaji kama sehemu ya tano ya sekunde, pengine zaidi, kuitikia. Yaani fremu 12 zimekwisha kupita. Hivyo anayesubiri aone teke la kwanza ndipo abonyeze, amekwisha kupigwa. Umehara alitabiri kwamba pigo lile linakuja, akajitoa kabla ya kuliona, na baada ya hapo akaufuata mdundo wa mateke kama mwanakwaya wa besi ajuavyo mahali pake pa kuingia hata mwalimu akiwa amempa mgongo. Mdundo ule hakujifunza siku ile. Mtakatifu Thomas wa Akwino angeitambua hali hii upesi, kwa kuwa alifundisha kwamba fadhila tunazojipatia hujengwa kwa kurudia matendo hata yakawa tabia thabiti ndani yetu. Nasi tuliwakumbuka wale wanawali watano wenye busara: kelele za usiku wa manane hazikuwa wakati wa kutafuta mafuta.

Thomas huyohuyo alifundisha pia kwamba akili huchoka kama mwili, na kwamba mchezo wa kiasi ni pumziko lake. Wazazi waliotuandikia walishike neno mchezo, na vijana walishike neno kiasi.

Liko bado suala la chombo, na hapa ndipo vijana wetu waligombana. Wako wanaocheza kwa fimbo na vitufe kama mashine za zamani za kumbi za michezo. Wengi hutumia pedi ya kushikwa kwa mikono miwili. Na siku hizi kipo chombo kisicho na fimbo, ambacho hata kushoto na kulia ni vitufe. Tofauti si ya urembo. Fimbo haiwezi kulala kushoto na kulia kwa wakati mmoja. Lazima ipite katikati, na safari hiyo hula fremu kadhaa. Vidole viwili juu ya vitufe viwili havina safari hiyo. Mwaka 2019 Umehara mwenyewe alizuiwa kutumia chombo cha namna hiyo katika mashindano ya Capcom, kampuni inayotengeneza Street Fighter. Baadaye, katika kanuni za mashindano ya Street Fighter 6, mchezo uliotolewa mwaka 2023, vyombo visivyo na fimbo vinaruhusiwa, ila kushoto na kulia vikibonyezwa pamoja visihesabiwe kuwa amri ya upande wowote. Kwa maoni yetu hiyo ni kanuni ya busara: haikukataza vidole vya mtu, ilikataza amri ambayo mwenzake hawezi kuitoa.

Katika parokia yetu yupo kijana ambaye mkono wake mmoja haukunjuki vizuri. Yeye huilaza pedi juu ya meza na kuibonyeza kwa ncha za vidole kama mpiga kinanda. Wenzake walisema anapata wepesi usio halali, wakamtaka aishike kama wao au aondoke. Shauri likaletwa kwetu. Tuliwaambia kwamba meza ipo wazi kwa kila mmoja wao, basi anayeuona huo ni wepesi na alaze pedi yake hapo. Wawili walijaribu, wakarudia mtindo wao wa zamani kabla raundi haijaisha.

Tukawasimulia pia habari za Michael Begum wa Marekani, aliyejulikana kwa jina la BrolyLegs na kufariki mwaka 2023. Alizaliwa na hali iliyokaza viungo vyake, asiweze kutumia mikono kama wengine. Alicheza kwa pedi ya kawaida, akiiongoza kwa uso na mdomo, na mpiganaji wake alikuwa huyohuyo Chun-Li. Kwa namna hiyo alishindana na watu wenye mikono miwili mizima, akawashinda wengi.

Limebaki jambo la vibanda vya gemu vya mtaani, ambako pedi nzima hushikwa na mwenyeji na ile yenye kitufe kilichozama hupewa mgeni. Tumewaomba wenye vibanda wawabadilishie wachezaji pedi kila baada ya raundi. Mmoja amekubali. Mwingine ametujibu kwa heshima kwamba pedi mpya ni ghali, na kwamba Padre akipenda anaweza kuchangia.