Mzee Mwenyewe Mmemuuliza?

Ndugu zangu,

Grupu la ukoo limenitoa usingizini saa tisa usiku. Figo za Baba Mdogo zimegoma, kila mtu achange, na mimi wa Ulaya nichange mara tatu, maana pauni huku huota mtini. Nimetuma. Ila nimesikiliza sauti zote, shamba liuzwe au lisiuzwe, India au hapa hapa, na hakuna aliyesema Mzee anataka nini. Na Mzee anaongea! Juzi kaomba uji, kauliza Yanga imefunga ngapi. Eti asiambiwe, atakufa kwa mawazo.

Huku Leicester natunza wazee. Bibi mmoja ninayemwogesha ana kichupa cha plastiki ndani ya friji, kando ya maziwa. Ndani yake mna karatasi: magonjwa yake, dawa zake, nani apigiwe, na iko wapi ile fomu aliyokubaliana na daktari kwamba moyo ukisimama wasiushtue. Nyuma ya mlango kuna stika ya msalaba wa kijani ili watu wa ambulansi wajue pa kuchungulia. Sheria ya huku ya 2005 inamruhusu hata kukataa matibabu ya kumweka hai, mradi aandike, asaini, na shahidi asaini.

Sisemi huku ni peponi. Mwana wa Bibi huyo namwona Krismasi tu. Na Juni 2025, Baraza la Makabwela la Uingereza lilipopitisha kwa kura 314 kwa 291 muswada wa kumsaidia mgonjwa asiye na tumaini la kupona afe akiomba, waliopinga walihofu wazee watajiona mzigo. Neno hilo Bibi hulitaja kila nikimvalisha soksi. Baba Mdogo hajalitamka. Sisi ndio tunaonong'ona juu ya kichwa chake kana kwamba ni gunia la mahindi linalosubiri bei.

Basi Shangazi aingie peke yake, hafichwi kitu yule. Amuulize anajua nini kuhusu ugonjwa wake, anaogopa nini, anataka kulala wapi. Andikeni, hata kwenye daftari la madeni. Mzee amtaje mmoja wa kusema na daktari, si tisa. Daktari aseme wazi India itaongeza nini zaidi ya nauli. Maumivu yakizidi muulizeni daktari kuhusu mofini ya kunywa, na kipimo kinachofaa figo zilizogoma. Uganda wanaitumia tangu miaka ya 1990, si sumu ikipimwa vyema. Shamba lisiguswe kabla hajajibu.

Kisha nipigieni kwa video nimwone. Kama Yanga wamefungwa, hilo mficheni.

Wenu wa baridini