Mzigo Mahali pa Abiria

Tarehe 4 Oktoba 2004, juu ya jangwa la Mojave huko California, rubani Brian Binnie alikipandisha chombo kidogo kiitwacho SpaceShipOne hadi kimo cha kilomita 112, kisha akakirudisha chini salama. Siku tano kabla ya hapo, mwenzake Mike Melvill alikuwa amekirusha chombo hicho hicho. Safari hizo mbili zilikipatia kikosi cha mhandisi Burt Rutan tuzo ya Ansari X, dola milioni 10, na ulimwengu ukaambiwa kwamba usafiri wa kibiashara wa kuwapeleka watu anga za juu umewadia. Masharti ya tuzo yalidai chombo chenye nafasi ya watu watatu. Hata hivyo, kila mara aliyepanda alikuwa rubani peke yake, na nafasi za wale wawili zikajazwa uzito uliolingana na wa miili ya watu. Katika mabasi ya Afrika Mashariki, msafiri husoma onyo, "Abiria chunga mzigo wako." Katika chombo kile, mzigo ndio uliokuwa abiria.

Mwaka uliofuata chombo kilikabidhiwa kwa Makumbusho ya Taifa ya Ndege na Anga mjini Washington, kikatundikwa katika ukumbi mmoja na ndege ya Charles Lindbergh. Barabara ya Independence inayopita nyuma ya makumbusho hayo inapita pia mbele ya makao ya FAA, mamlaka ya usafiri wa ndege ya Marekani. Majengo hayo mawili ni majirani, na kwa anayetaka kuelewa mwanzo wa biashara hii, la pili lina mengi ya kufundisha kuliko la kwanza. Chombo kinaonyesha jinsi mtu anavyoweza kufika juu. Sheria inayosimamiwa na jirani yake inaeleza mtu huyo ni nani.

Sheria hiyo ilitiwa saini na Rais George W. Bush tarehe 23 Desemba 2004, miezi isiyofika mitatu baada ya safari ya Binnie. Ilimtambua mtu ambaye si mmoja wa wahudumu wa chombo lakini amebebwa ndani yake, na haikumwita abiria. Ilimwita mshiriki wa safari ya anga. Kabla ya kupanda, mshiriki anapaswa kuelezwa hatari kwa maandishi, ikiwamo rekodi ya usalama ya vyombo vya aina hiyo. Anapaswa kuambiwa waziwazi kwamba serikali ya Marekani haijathibitisha kuwa chombo ni salama kwa kubeba watu. Kisha anatia saini kwamba ameelewa na ameridhia. FAA ilipotunga kanuni zake mwaka 2006, ilifafanua kwamba mtu huyu si abiria wa kawaida mwenye matarajio ya kawaida ya usafiri.

Mfasiri wa Kiswahili anayefika kwenye kifungu hiki hukumbwa na kishawishi cha kuandika tu "abiria" na kuendelea. Neno hilo lipo tayari, nalo ni la chombo. Limetokana na Kiarabu, kutoka mzizi wenye maana ya kuvuka, na kitenzi chake, kuabiri, ni kusafiri kwa chombo majini. Na "chombo" chenyewe ni jahazi tangu enzi na enzi, ndipo kikawa pia chombo cha anga. Lugha ilikuwa imeandaa kila kitu. Lakini mfasiri akiandika "abiria" atakuwa amempa msafiri yule jambo ambalo sheria imemnyima kwa makusudi. Abiria ni mtu aliyejikabidhi. Hakikagui chombo wala hapimi upepo; nahodha, mwenye chombo na serikali ya bandari wamejibu kwa niaba yake. Mshiriki hana wa kumjibia.

Jina hilo halikuzaliwa mwaka 2004. Katika miaka ya 1980 NASA ilikuwa na mpango wa washiriki wa safari za anga, uliokusudiwa kuwapeleka raia wa kawaida. Wa kwanza kuchaguliwa alikuwa Christa McAuliffe, mwalimu aliyewahi kusomesha katika vitongoji vya Maryland, nje kidogo ya Washington, na kupata shahada ya uzamili katika chuo cha Bowie State. Alifariki na wenzake sita ndani ya Challenger tarehe 28 Januari 1986. Kumbukumbu yao ipo katika makaburi ya Arlington, ng'ambo ya mto Potomac.

Katika makaburi hayo hayo amelala Luteni Thomas Selfridge. Tarehe 17 Septemba 1908, katika kambi ya Fort Myer inayopakana na makaburi, alipanda na Orville Wright ndege iliyokuwa ikijaribiwa kwa ajili ya jeshi. Panga la rafadha lilivunjika, ndege ikaanguka. Wright aliumia vibaya. Selfridge alifariki jioni ile, akawa mtu wa kwanza duniani kuuawa na ajali ya ndege yenye injini. Hakuwa akiirusha. Alikuwa abiria.

Na ni Arlington hiyo hiyo ilikokuwa ofisi ya Space Adventures, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1998 na iliyomfungulia njia Dennis Tito. Tito alipaa kutoka Baikonur kwa roketi ya Urusi tarehe 28 Aprili 2001, kwa nauli iliyotajwa kuwa dola milioni 20, huku NASA ikipinga. Mwaka uliofuata akafuata Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini.

Wanaoitetea sheria ya 2004 wana hoja, na Selfridge ni shahidi wao. Ndege nazo zilikuwa na utoto wake. Wright waliruka mwaka 1903, na sheria ya kwanza ya taifa ya kusimamia biashara ya anga ikaja mwaka 1926. Kanuni zilizoandikwa mapema mno, wanasema, zingeua kilichokuwa bado kinajifunza kutambaa. Kwa hiyo FAA ilizuiwa kwa miaka minane kutunga kanuni za kuwalinda walio ndani ya chombo, isipokuwa baada ya kifo, jeraha kubwa au tukio lililokaribia kuleta hayo. Muda huo umeongezwa tena na tena, na sasa unafika 1 Januari 2028. Ukikamilika, utakuwa umedumu miaka 23, mirefu kuliko utoto wote wa ndege.

Msomaji wa Mwanza au wa Pemba anaposoma haya hana budi kutua. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria, na tarehe 10 Septemba 2011 Spice Islander ikazama kati ya Unguja na Pemba. Vyote viwili vilikuwa vimejaza kupita kiasi, na mamia walikufa. Wale hawakutia saini yoyote. Walikata tiketi, wakaamini kwamba aliyepaswa kukagua amekagua. Kwa jina walikuwa abiria. Kwa hali, walipanda kama washiriki, bila ya mtu kuwaambia. Tajiri wa anga anasomewa hatari yake, anapewa kalamu, na ana uhuru wa kurudi nyumbani.

Hapo ndipo karatasi ile ya Washington, pamoja na ubaridi wake wote, inapokuwa na adabu fulani: inakiri kwamba dhamana haipo. Mfasiri, basi, aandike "mshiriki", na neno "abiria" aliweke akiba. Litakuwa na kazi siku ambayo mtu atapanda chombo kwenda juu kwa sababu ana shughuli huko, akasinzia njiani, na asiwe na haja ya kujua jina la aliyekikagua.