Kabla ya Lipu

Karatu ni mji wa udongo mwekundu. Udongo huo ndio shamba, ndio tofali, na wakati wa kiangazi ndio vumbi linaloandama magari ya watalii waendao Ngorongoro. Nyumba za kale za Wairaqw zilichimbwa ubavuni mwa kilima na kuezekwa kwa udongo, zikashabihiana na ardhi yenyewe. Leo nyingi ni za matofali ya kuchoma, na aghalabu matofali hayo hushikanishwa kwa udongo badala ya saruji. Hukaa uchi miaka mingi zikingojea lipu.

Kungojea huko si uvivu. Saruji hununuliwa mfuko kwa mfuko, baada ya mavuno ya mahindi na mbaazi. Basi fedha ikipatikana, mwenye nyumba hutamani kuziona kuta zote zimevikwa kwa mpigo mmoja. Hapo ndipo yeye na fundi huanza kukwaruzana.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mama mmoja mjane, ambaye posa ya binti yake ilikuwa imekaribia. Alitaka wakwe waikute nyumba ina sura. Fundi alipokuja hakukoroga saruji. Aliomba brashi ya waya, tindo na ndoo za maji, akashinda siku mbili akikwangua.

“Fundi, nimekuita upake, nawe unabomoa?”

“Mama yangu, nikipaka juu ya vumbi, nitakuwa nimelipaka vumbi, si ukuta.”

Hakusema uongo. Udongo wa maungio huchokonolewa kiasi cha sentimita moja na nusu, ili lipu ipate pa kushika. Tofali lililoliwa na mvua hutolewa, likapachikwa jingine. Ufa hupanuliwa kwanza ndipo ujazwe, kwani ufa mwembamba haupokei kitu. Kisha ukuta husuguliwa na kuloweshwa. Tofali kavu huyanywa maji ya lipu kabla haijashika, na lipu iliyonyang'anywa maji hubaki chengachenga. Ukiigonga, hulia kama debe tupu. Mwisho hurushwa uji mzito wa saruji na mchanga, ukauke ukiwa na vipele, ndipo lipu yenyewe ifuate.

Lugha yetu imeuhifadhi mpango huu tangu enzi za nyumba za miti na fito. Kutomea ni kujaza mapengo, kukandika ni kuufunika ukuta kwa udongo, na kusiriba ni kuulainisha. Kusiriba huja nyuma. Hata wahenga walionya juu ya asiyeziba ufa, hawakumtaja asiyeufunika.

Watu wa visiwani wanalijua somo hili kwa namna yao. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa huuruhusu unyevu utoke. Kuta hizo zikivikwa saruji ngumu, unyevu hukwama ndani, na vazi hubanduka pamoja na nyama. Kwa sababu iyo hiyo fundi wa Karatu, akijua ukuta wake ni laini, alichanganya sehemu moja ya saruji, moja ya chokaa na sita za mchanga.

Baada ya nyufa kuzibwa, mifuko iliyosalia ilitosha ukuta mmoja tu. Je, uwe wa mbele, unaotazama njia, au wa nyuma, unaopigwa na mvua? Mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema, “Nyuma.”

Wakwe walipokuja walipokelewa mbele ya matofali mekundu yaliyosuguliwa yakatakata. Kwa siku saba, asubuhi na jioni, mama alibeba ndoo akaenda kuimwagia lipu maji, upande ambao mgeni hafiki.