Saa Mbili za Kompyuta Moja

Kompyuta ina saa mbili. Ya maunzi imo kwenye ubao mama. Huendeshwa na fuwele ya kwatzi inayotetema mara 32,768 kwa sekunde, na stima ikipotea hulindwa na betri bapa, mara nyingi CR2032 ya volti 3. Ya mfumo imo kwenye programu tu, na mashine ikizimwa hupotea. Mashine ikiwashwa, saa ya mfumo husoma wakati kwa ile ya maunzi, kisha kila moja hushika njia yake.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi, fundi wa kompyuta, alizizoea saa hizo katika ofisi za viwanda vya chai na saiba za Kericho, Litein na Bomet. Fuwele ikikosea kwa sehemu 20 katika milioni, saa huachana na wakati halisi kwa sekunde 1.7 hivi kila siku, karibu dakika nzima kwa mwezi. Fuwele za aina hii hutengenezwa zifanye kazi vizuri kwenye nyuzi 25 za Selsiasi; baridi huzichelewesha, na joto pia. Usiku wa Kericho na chumba cha kukaushia majani, kwa hiyo, huvuta upande mmoja.

Betri ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Kivinjari hukataa tovuti salama, kwa kuwa vyeti vyake vinaonekana havijaanza kutumika, na lawama zote huangukia intaneti. Fundi alichomoa waya wa umeme kwanza, akangoja kidogo, akaurudisha, akawasha na kutazama tarehe kwenye BIOS kabla ya kugusa waya wowote wa mtandao.

Palipo na mtandao, saa ya mfumo hurekebishwa kwa NTP, itifaki ya kuoanisha saa mtandaoni, kisha kwenye Linux amri ya hwclock --systohc huiandika kwenye maunzi. Mpangilio huo ndio kazi yenyewe: anayetoa --hctosys wakati saa ya maunzi ndiyo mbovu huharibu ile iliyokuwa sawa. Linux iliyooanishwa na NTP kwa kawaida huandika maunzi yenyewe kila dakika 11. Pasipo na mtandao, wakati sahihi huchukuliwa kwenye simu.

Mashine yenye Windows na Linux pamoja ndiyo iliyomsumbua zaidi. Linux kwa kawaida huweka UTC, yaani wakati wa kimataifa, kwenye maunzi; Windows huweka saa ya mahali. Saa mbili asubuhi, Windows ikisoma UTC huonyesha saa kumi na moja alfajiri, na risiti ya majani itadai yamepimwa kabla wachumaji hawajaingia shambani. Dawa ni kuzipatanisha zote kwenye UTC. Kenya iko saa tatu mbele ya UTC na haisogezi saa kufuata majira, kwa hiyo mpango huo ukishawekwa hauna haja ya kuguswa tena.